Eti Wananchi Waelimishwe!

Nilikuwa kimya kidogo, kazi za watu zilinibana, halafu nikasafiri. Leo nina dukuduku na sitalizungusha.

Wiki iliyopita nilihudhuria warsha moja hapa Dodoma mjini. Sitaitaja, na waandaaji sitawataja, maana walinialika vizuri na chakula chao nilikula. Mada ilikuwa ndefu kama treni ya mizigo: namna ya kuoanisha uhifadhi wa malikale na maendeleo katika nchi maskini. Mnazijua warsha zetu. Ukumbi wa kiyoyozi, chupa ya maji, daftari lenye nembo, kalamu, na jina lako linaning'inia shingoni kama ng'ombe wa mnadani. Walipita wazungumzaji wanne na wote wakaishia kituo kimoja: wananchi waelimishwe. Wananchi wanaoishi jirani na maeneo ya urithi hawajui thamani yake, waelimishwe. Wanalima karibu mno, waelimishwe. Wanakata miti, waelimishwe. Wanamwagia pombe michoro, hao ndio kabisa, waelimishwe! Nilikuwa natia alama daftarini kila neno hilo likitajwa. Kabla ya chai nilikuwa nimefika kumi na saba.

Sasa mimi nilikuwa nimetoka Kolo siku sita tu kabla ya hapo.

Kwa msiopajua (na ni wengi, wala sicheki, hata mimi nimekaa Dodoma miaka kadhaa bila kufika), Kolo ni kijiji kilicho kando ya barabara kuu ya kwenda Babati na Arusha, ukishaupita mji wa Kondoa. Mimi nakaa Nzuguni, kwa hiyo nilitembea kwa miguu mpaka stendi kuu, nikapanda basi, na kilomita kama 180 baadaye nikashuka. Lami tupu. Barabara hiyo ya Dodoma mpaka Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo, ukiwauliza wenyeji, safari ya Kondoa wakati wa masika ilikuwa ya kuaga nyumbani vizuri.

Kolo ndiyo mlango wa Michoro ya Miambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo zima ni kilomita za mraba 2,336. Miamba yenye michoro inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450, yaani hata kuihesabu hatujamaliza. Maarufu kuliko yote ni ile ya kilima cha Mungomi wa Kolo, na kile kilima mwisho wake hukipandi kwa miguu peke yake, mikono nayo inafanya kazi. Ukifika juu, unahema, jasho linakuingia machoni, unainua kichwa na kukuta watu wekundu warefu wembamba wanakuangalia kutoka kwenye mwamba. Kuna pale panapoonekana kama mwanamke anavutwa na watu wa pande mbili. Nilikaa mbele yake nusu saa nzima. Mary Leakey, yule wa Olduvai, alikuja kuinakili michoro hii mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka 1983. Profesa wetu Fidelis Masao naye aliishughulikia michoro ya kanda hii ya kati, chapisho lake likatoka 1979. Wasomi wengi wanaihusisha ile myekundu na wawindaji wa kale, pengine mababu wa Wasandawe na Wahadzabe, na ile myeupe iliyochorwa juu yake wanaihusisha na wakulima waliokuja baadaye.

Niliposhuka nilikaa chini ya mti na mzee mmoja. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, umetokea wapi?" Nikamwambia Dodoma. Akasema, "Ahaa. Huko ndiko wanakotoka wenye karatasi."

Nikamuuliza kama yeye huwa anapanda Mungomi. Akaniambia baba yake alipanda, babu yake alipanda. Mvua ikikawia, au mtu akiugua ugonjwa usioeleweka, watu wanapanda na mnyama, unga na pombe. "Lakini siku hizi mpaka uangalie kwanza nani anakuona." Kisha akaniuliza swali ambalo nililibeba mpaka warshani na kurudi nalo. "Hebu niambie wewe uliyesoma. Mgeni akija nyumbani kwako, akakuta umeitunza, anaanzaje kukufundisha kuitunza?"

Wasomaji wangu, huyo ndiye mnayetaka kumwelimisha.

Halafu kuna jambo ambalo pale warshani hakulitaja hata mmoja. Kondoa haikuingia Urithi wa Dunia kwa ajili ya rangi iliyopakwa miambani tu. Iliingia kwa vigezo viwili, na cha pili kinahusu mila hai: kwamba watu wa pale mpaka leo wanapatumia kuomba mvua, kupiga ramli na kuponya. Hayo yamo katika maelezo ya UNESCO yenyewe. Kwa maneno mengine, yule mzee na pombe yake ni sehemu ya urithi uliopewa cheti. Lakini akifika pale mlangoni anageuka kuwa tishio kwa urithi! Tumempeleka Paris kwenye fomu ya maombi, tumerudi na cheti, kisha tumemwambia akae mbali na cheti chake.

Sheria nayo ndivyo ilivyo. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Imejaa vitu: majengo, mabaki, vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Jiwe linalindwa, lakini tambiko halina pa kushika. Mtafiti Emmanuel Bwasiri aliandika kuhusu pengo hili mwaka 2011, na aliandika akiitazama hiyohiyo Mungomi. Mzee wangu kwa bahati mbaya hakutengenezwa kabla ya 1863.

Najua kuna msomaji ananyoosha mkono kule nyuma. Kwani pombe haiharibu michoro? Inaharibu. Mafuta na pombe vikirushwa mwambani vinaacha madoa, moto unaacha masizi. Kuna sehemu rangi imefifia mpaka unahitaji kuoneshwa kwa kidole. Kuna watu wanachimba mashimo chini ya miamba wakitafuta mali wanayoamini Wajerumani waliificha, na shimo likishachimbwa, tabaka za maelfu ya miaka ambazo mwanaakiolojia angezisoma kama kitabu zinakuwa kifusi. Miti ikikatwa mbele ya mwamba, jua na vumbi la upepo vinaingia moja kwa moja. Sikatai hata kimoja. Mimi si wa kuimba kwamba kila cha mwenyeji ni kitakatifu. Ninachosema ni kwamba mwenyeji huyo ameshalipa bili ya uhifadhi, amelipa zaidi ya mara moja, na risiti hajapewa.

Hebu tuhesabu. Mwaka 1937 serikali ya Mwingereza ilitangaza michoro kuwa mnara wa taifa. Taifa gani, na ni nani wa Kolo aliyeulizwa, hayo tuyaache. Njoo kwenye zama zetu wenyewe. Mwaka 1973, mwaka uleule ulioamuliwa kwamba makao makuu yahamie Dodoma, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Kondoa ilikuwa imeliwa na mmomonyoko, makorongo yalikuwa yanameza mashamba. Mwaka 1979 ikaamuliwa kwamba mifugo yote iondoke katika eneo lililomomonyoka, kilomita za mraba 1,256. Yote! Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Wewe unayesoma hapa ukiwa na laini mbili za simu na akaunti ya benki, jaribu kuelewa maana yake. Ng'ombe kwa Mrangi wa wakati ule ni maziwa ya mtoto, ni samadi ya shamba, ni mahari, ni ada ya shule, ni bima ya mwaka wa njaa. Asubuhi moja unaambiwa wapeleke kwingine au uza.

Na nisiwe mwongo: ardhi ilipona. Ukipita leo unaona majani na miti palipokuwa pekundu tupu. Ule mradi unasomwa vyuoni kama mfano. Baadaye watu wakaruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa ndani, wa kukatiwa majani. Sawa, uhifadhi ulifaulu. Lakini aliyelipa ni nani? Si Sweden, na wala si sisi wa Dodoma mjini. Ni kaya ya Kolo, ya Haubi, ya Pahi, ambayo sasa katika ukumbi wa kiyoyozi inaelezwa kuwa haijui thamani ya kuhifadhi. Kama kuna watu Tanzania hii wanaoujua uhifadhi kwa tumbo na si kwa kitabu, ni hao.

Haya, tugeuze shilingi upande wa pili, upande wa maendeleo. Hapa inabidi nijitaje mwenyewe, maana mimi ni mnufaika.

Nzuguni tuna shida ya maji kama Dodoma nzima. Mji huu kwa miongo umeishi kwa visima vya Makutupora, kule Mzakwe, na vingine vimechimbwa hata huku kwetu. Lakini watu wamefurika tangu serikali ilipohamia kweli kuanzia 2016, na kuna wiki ambazo madumu ya njano yanapangwa foleni mpaka barabarani, langu likiwemo. Jibu ambalo limezungumzwa kwa miaka mingi ni bwawa la Farkwa, kwenye mto Bubu, wilaya ya Chemba iliyomegwa kutoka Kondoa. Maji yatoke kule yaje kwetu. Ninayataka hayo maji. Nayataka leo jioni kama inawezekana.

Lakini Farkwa ni wapi? Ni nchi ya Wasandawe. Haohao ambao vitabu vinasema mababu zao huenda ndio walioshika ile rangi nyekundu. Wakazi wa vijiji vya Mombose na Bubutole wakaambiwa watapisha bwawa, mali zao zikafanyiwa tathmini, wakaishi na habari hiyo mwaka baada ya mwaka. Aliyewahi kuishi kwenye nyumba iliyopigwa alama ya X anajua hali yake. Hujengi, hupaui, hupandi mwembe, kwa sababu hujui.

Mnaona sasa? Kule Kolo, mwana Kondoa ameachia ng'ombe wake kwa ajili ya uhifadhi. Huku Farkwa, ndugu yake anatakiwa kuachia kijiji kwa ajili ya maendeleo. Sisi warshani tunakuna vichwa tukitafuta mizani kati ya uhifadhi na maendeleo, kana kwamba ni mafahali wawili wanaopigana. Hawapigani. Wote wawili wanakula shamba la mtu yuleyule.

Wala tusidanganywe kwamba ni ushamba wa Afrika. Jiji la Dresden, Ujerumani, lilipata Urithi wa Dunia kwa ajili ya bonde la mto Elbe mwaka 2004. Likataka kujenga daraja. UNESCO ikasema daraja litaharibu mandhari. Wakazi walikuwa wameshapiga kura 2005, wamelitaka daraja lao, likajengwa, na mwaka 2009 wakafutwa kwenye orodha. Liverpool nayo, Uingereza, ilifutwa 2021 kwa sababu ya majengo mapya kwenye bandari yake ya zamani. Oman ilifutwa hata kabla yao, 2007, baada ya kukata asilimia 90 ya hifadhi yake ya choroa huku ikitafuta mafuta. Maisha yakaendelea. Hakuna mtaalamu aliyetumwa Dresden kuwaelimisha wananchi. Waliulizwa, wakajibu, na tofauti iko hapo tu. Kwetu anayeulizwa ni kila mtu isipokuwa mwenye shamba.

Na dunia ikiutaka urithi kwa dhati, inajua kulipa. Misri ilipojenga bwawa la Aswan, mahekalu ya Abu Simbel yalikuwa yazame. Kati ya 1964 na 1968 yakakatwa vipande, yakapandishwa juu ya maji, yakaunganishwa upya. Kampeni nzima ya kuokoa malikale za Nubia iligharimu kama dola milioni 80, na nusu yake ilichangwa na nchi karibu 50. Wanubi wenyewe walihamishwa na vijiji vyao vikazama, hilo nalo lisisahaulike. Lakini mfano upo: mawe yalipewa bajeti. Kolo imepewa cheti.

Niseme na la hapa mtaani, nisije nikaonekana najua ya Misri tu. Nilipohamia Nzuguni kulikuwa na mbuyu mmoja ambao bibi mwenye nyumba wangu, Mgogo wa hapahapa, hakuwahi kuupita bila kupunguza mwendo. Nilimuuliza mara moja, akasema tu, "Wazee walikaa pale." Kisha zikaja bikoni, shamba likawa viwanja, mbuyu ukajikuta katikati ya kiwanja cha mtu, na siku moja nikarudi kutoka kazini nikakuta winchi na msumeno. Mwenye kiwanja hakuwa na kosa, alinunua, ana hati. Bibi naye hakuwa na pa kusemea, maana mbuyu wake haumo kwenye orodha yoyote. Kwa upande wetu sisi wahamiaji tulipata mtaa. Kila tunapojenga ukumbi wa warsha ya urithi, tunajenga juu ya kitu cha mtu.

Kwa hiyo nilipopewa kipaza sauti pale warshani (dakika moja tu, mwenyekiti akasisitiza), nilisema haya, na nayarudia hapa kwa kirefu kidogo.

Kwanza, fedha. Kila kiingilio kinacholipwa kuona michoro, sehemu yake iwe ya kijiji kwa sheria na si kwa huruma ya bosi aliyepo, na hesabu ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kila robo mwaka ili mzee wangu amwombe mjukuu wake amsomee. Pili, tambiko litambuliwe. Watambikaji na wahifadhi wakae chini ya mti uleule, wakubaliane mwamba upi unarushiwa pombe na upi haurushiwi, siku gani wageni wasipande. Watu waliokubali kuachia ng'ombe hawatashindwa kukubaliana kuhusu kibuyu cha pombe. Tatu, kwa Farkwa na kila mradi unaokuja: fidia itangulie, na ichelewapo izae riba, kama benki inavyonifanyia mimi.

Mwenyekiti alinishukuru kwa "mchango mzuri". Akasema hayo ni masuala ya kisera na wahusika watayachukua. Jamaa mmoja mwenye suti ya kijivu akaongeza kwamba hata hivyo, bila wananchi kuelimishwa, hayatekelezeki. Nikatia alama ya kumi na nane. Tukaenda kula.

Wakati wa chakula nikafanya utafiti wangu mdogo usio wa kisayansi. Niliwauliza watu wa meza yangu, tisa jumla, wote na shahada zao, wote wakazi wa Dodoma: nani ameshafika Kolo? Mmoja alinyoosha kidole, akasema alipita na gari, akaona bango.

Sasa na ninyi nawauliza. Mmeshafika? Watoto wa shule za Dodoma wanapelekwa Bagamoyo na Dar es Salaam kuona bahari, jambo zuri, lakini wana wiki nzima hawajasikia kwamba saa chache kutoka darasani kwao kuna ukuta uliochorwa na watu wa maelfu ya miaka iliyopita. Mabasi ya alfajiri yapo pale stendi ya Nzuguni, mwambie kondakta akushushe Kolo. Beba maji, vaa viatu vya kushika jiwe, lipa kiingilio na udai risiti. Na kama utamkuta mzee chini ya mti, mwamkie kwanza. Karatasi iache mfukoni.